Samaki Wenye Midomo Wazi

Samaki wa tano alikufa Jumatatu asubuhi na, kama wale wanne waliomtangulia, hakuacha maelezo. Ayuma alimkuta amelala ubavu juu ya mchanga mweupe, jicho moja likitazama dari, rangi yake ya samawati imeshaanza kuchujuka. Juu yake walikuwa minyoo. Si mmoja, si wawili. Minyoo wa rangi ya waridi, warefu kama kidole, wenye manyoya meupe pande zote mbili, walikuwa wametoka katika vishimo vya mawe na kumzunguka marehemu, wanamla bila haya.

"Mmeanza tena," Ayuma aliwaambia. "Washenzi nyinyi."

Alimwopoa samaki kwa kijiko kirefu cha maabara, akamweka juu ya gazeti, akasimama pale akiwa na hasira ambayo hakujua amtupie nani. Tisa walikuja. Wanne walibaki.

Tanki lenyewe lilikuwa la kioo, refu kama meza ya mwalimu, na lilikaa katika ukumbi mdogo wa wageni, kati ya ofisi ya mkuu wa shule na mlango wa bwalo la chakula. Usiulize tanki la bahari lilitafuta nini Kakamega, mahali ambapo maji mengi kuliko yote ni mto Isiukhu ukifurika. Lililetwa na Mwalimu Cornelius wa bayolojia, aliyekaa Kilifi miaka minane, na aliporudi nyumbani mwaka wa tisini na tatu alibeba bahari kiasi cha uwezo wake: mawe ya matumbawe yenye viumbe hai ndani yake, samaki tisa, na mitungi thelathini ya maji ya chumvi juu ya lori la mtu aliyemfahamu. Wasichana wa shule ile walisimama mbele ya kioo wakasahau kwenda darasani. Hata Ayuma alisahau ufagio wake.

Maana wakati huo Ayuma alikuwa mfagiaji tu. Alitoka Shinyalu na cheti cha darasa la saba, akapewa ndoo na tambara. Ni Cornelius aliyemkuta siku moja akisoma majina ya chupa za maabara kwa sauti ya chini, akamwambia, "Kumbe wewe unasoma," akamfundisha. Mwaka uliofuata Cornelius alipohamishiwa Lodwar, alimwachia Ayuma koti jeupe, cheo cha mhudumu wa maabara, tanki, na daftari la kanuni. Kanuni ya kwanza iliandikwa kwa wino mwekundu: unga wa dagaa wa omena, kiasi cha vidole viwili, mara moja kila baada ya siku mbili, basi.

Ayuma hajawahi kuona bahari. Bahari yake ilikuwa ile. Akaishika kanuni ile kwa moyo wote, akapima chumvi kila asubuhi, akaongeza maji safi pale yalipopungua, akafuta kioo. Samaki wakafa hata hivyo.

Mkuu wa shule, Bi. Jescah Osundwa, alitoka ofisini na kikombe cha chai mkononi, akatazama gazeti.

"Huyo ni wa ngapi?"

"Wa tano, Madam."

"Na sababu?"

"Bado natafuta, Madam."

Bi. Jescah hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa ratiba, na watu wa ratiba hawapendi vifo visivyopangwa. "Siku ya wazazi ni Jumamosi ya wiki ijayo," alisema. "Akifa mwingine kabla ya siku hiyo, namwaga haya maji na kioo tunawekea vikombe vya mpira wa wavu. Siwezi kuwapokea wazazi kwa matanga, Ayuma. Na wewe utarudi kwenye ufagio, kwa sababu sitakuwa na kazi nyingine ya kukupa."

Akaondoka. Ayuma alibaki akihesabu siku kwa vidole: kumi na mbili. Hakulia. Kulia kulikuwa na wakati wake, na wakati huo ulikuwa wa kuua minyoo.

Maana ni nani mwingine? Muuaji alikuwa pale pale, mdomoni ana nyama. Erastus, askari wa lango, alikuwa na wazo lake kwamba tanki limerogwa na mtu wa shule jirani aliyeona wivu. Ayuma alimwambia mchawi mwenye akili angeroga mtihani, si samaki. Kisha akaenda kutafuta blanketi.

Minyoo wale ni watu wa giza. Mwanga ukiwaka wanajificha, kwa hiyo Ayuma aliwatengenezea usiku wao mchana kweupe. Alifunika tanki lote kwa blanketi la bweni, akafunga karatasi nyekundu ya biskuti kwenye tochi, akaingiza kichwa chini ya blanketi kama mpiga picha wa zamani. Wasichana waliopita walicheka. Aliwaacha wacheke. Chini ya ule mwanga mwekundu aliona jambo lililomsisimua mwili: kila jiwe lilikuwa linatoa minyoo, na mchanga ulikuwa unatembea.

Alichukua vikebe vya filamu za kamera kutoka kwa mwalimu wa jiografia, akavitoboa vishimo, akaweka kichwa cha omena ndani ya kila kimoja, akavizamisha. Baada ya saa mbili alivitoa. Minyoo ishirini na watatu. Siku ya pili, thelathini na mmoja. Mmoja alimshika kwa mkono mtupu, kosa ambalo halirudiwi: manyoya yale meupe ni miiba, na vidole vyake vilimwasha mpaka akaviweka kwenye siki, kisha akaibandua miiba kwa plasta, mmoja baada ya mwingine, akiwalaani minyoo na ukoo wao. Kesho yake alivaa glovu na kuendelea. Kufikia Alhamisi jioni alikuwa amewatia minyoo mia moja na sita ndani ya chupa ya spiriti. Alilala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza wiki ile.

Ijumaa asubuhi maji yalikuwa na ukungu. Samaki wanne waliobaki, wale wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, mmoja wa njano na mmoja mweusi mdogo, walikuwa wote juu kabisa ya maji, wakifungua na kufunga midomo.

Ayuma aliketi kwenye kiti cha wageni. Alihisi ameibiwa. Ameua minyoo mia moja na sita, na hali imekuwa mbaya zaidi! Alikaa akiwatazama, akakumbuka mazishi ya baba yake kule Shinyalu, jinsi watu ambao hata jina la marehemu hawakulijua walivyofika kwa ajili ya wali na nyama. Hakuna aliyewashuku kwa kifo. Waliokula matangani si lazima wawe walioua. Sasa yeye wiki nzima amekuwa akiwakamata waombolezaji.

"Basi mlikuwa mnakula nini?" aliuliza kwa sauti. "Maiti ni mmoja kwa wiki mbili, na nyinyi ni mamia. Nani anawashibisha?"

Swali hilo lilimwinua kitini. Alikimbilia maabara, akachukua mnyoo mmoja aliyekamatwa asubuhi ile, akampasua tumbo kwa wembe juu ya kigae cheupe. Ndani mlikuwa na uji mweupe. Omena haiwi nyeupe hivyo. Alitazama rafu ya chupa, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye iodini. Kila mtoto aliyepita darasa la sayansi analijua jaribio lile: tone moja, na kama kuna wanga, rangi hubadilika.

Tone lilidondoka la kahawia. Likageuka buluu iliyokolea, karibu nyeusi.

Alichota tope kutoka chini ya mawe, akarudia. Nyeusi. Akajaribu unga wake wa omena. Kahawia, ilibaki kahawia. Ayuma alicheka peke yake mle ndani, kicheko kibaya. Kulikuwa na wanga katika bahari ya Cornelius, na wanga hautoki Kilifi. Wanga ulitoka jikoni.

Mchana ule alijificha katika stoo ya vitabu iliyotazamana na tanki, mlango ameuacha wazi kiasi cha jicho. Kengele ya chakula ililia. Wa kwanza kupita alikuwa Erastus, sahani mkononi. Alisimama, akatazama huku na huku, akamega tonge la ugali, akalitupia. "Kula, bwana, usife," alisema, akaenda zake. Wakapita wasichana watatu wa kidato cha kwanza. Kila mmoja alikuwa amekunja kitu ndani ya ngumi. Karani alipita na kipande cha chapati. Ayuma aliuma kidole ili asipige kelele. Mwisho alikuja Nabwire.

Nabwire alikuwa mpishi mkuu, mjane kutoka upande wa Kabras, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, na jikoni mwa shule ile alikuwa amepika miaka ishirini na mmoja. Ndiye aliyemhifadhia Ayuma chakula siku alizochelewa. Alikuja na bakuli dogo lililojaa vidonge vya ugali, vimefinyangwa vizuri vikawa kama punje za maharagwe. Alikuwa amekaa chini akaviumba kimoja kimoja. Alivimimina vyote, akasimama akitabasamu jinsi mama anavyotabasamu mtoto akila.

Ayuma alitoka stooni.

"Mama, unafanya nini?"

"Nawapa chakula. Kwani wewe unafikiri nafanya nini?"

"Tangu lini?"

"Tangu Cornelius aende. Mwenye kuwalisha ameenda, na wewe unawapeanga ile vumbi yako. Mimi napeanga kidogo tu." Nabwire alishusha sauti. "Ayuma, hawa ni wageni. Wametoka Mombasa huko mbali. Na kila nikipita wananifunguliaga mdomo. Mtu akufungulie mdomo hivyo, wewe umebeba sahani, upite tu kama mbuzi?"

"Hawaombi chakula, mama. Wanatafuta hewa."

Akamweleza polepole, kwa sababu hasira yote ilikuwa imemtoka na kumwachia huzuni. Ugali hauliwi wote. Unazama chini ya mawe, unaoza, na kuoza kwake kunamaliza hewa iliyo ndani ya maji na kuacha sumu. Samaki wakikosa hewa wanapanda juu, wanafungua midomo. Watu wakiona mdomo, wanatupa tonge. Tonge linaoza. Mdomo unazidi kufunguka. Minyoo nao wakikuta karamu ya kila siku wanazaana, lakini wao wanazoa uchafu tu.

Nabwire alisikiliza mpaka mwisho. Aliligeuza bakuli lile tupu mikononi.

"Kwa hiyo ni mimi nimeua hao watano," alisema.

"Ni sisi wote."

"Hapana. Vidonge ni vyangu." Akafuta macho kwa ncha ya leso. "Unajua mwaka ule wa njaa, wa mahindi ya njano? Nilikuwa napakua uji hapa hapa. Sufuria iliisha na laini bado iko mrefu. Watoto walinyoosha vikombe na mimi sina kitu. Niliapa sitaona mdomo tena niupite." Akaondoka kuelekea jikoni.

Jioni ile aliandika tangazo kwa herufi kubwa: KUWALISHA SAMAKI NI MARUFUKU. Jumamosi asubuhi mtu alikuwa ameandika chini yake kwa penseli, *Choyo*. Ayuma alichota tope, akadondosha iodini. Nyeusi.

Hapo ndipo alipoelewa kwamba anapigana na kitu kikubwa kuliko ugali. Unaweza kumkataza mtu wa Kakamega mambo mengi, akakutii. Ukimkataza kumpa mgeni chakula, umemwambia aache kuwa mtu. Lakini Ayuma naye alizaliwa huku huku, na alijua kwamba mgeni ana mwenyewe. Mgeni akifikia kwa Nabwire, jirani haji na sahani yake kumlisha. Akithubutu, ni kama ametangaza kwamba Nabwire ameshindwa, na tusi hilo hubebwa mpaka kaburini.

Alikwenda jikoni. Nabwire alikuwa anachambua maharagwe, hakuinua uso.

"Mama, nataka kukupa wale samaki."

"Mimi? Muuaji?"

"Wewe. Wawe wageni wako, na kila mtu ajue ni wako. Mwenye kuwalisha ni wewe peke yako, siku nitakayokwambia, kiasi nitakachokwambia."

"Na siku hiyo ni lini?"

"Ijumaa. Mpaka Ijumaa hakuna chakula hata chembe. Maji lazima yapumzike."

Nabwire aliacha maharagwe. "Siku sita? Wageni wangu walale njaa siku sita, na mimi nakaa karibu nao?"

"Wale bado wanakula vilivyo kwenye mawe. Hawatakufa njaa. Tukiwalisha watakufa."

Mama yule alisukuma maharagwe kando. Kisha akainuka, akabeba kigoda chake cha jikoni, akaenda kukiweka mbele ya tanki. Kufikia jioni shule nzima ilikuwa na habari, na tangazo liling'olewa maana halikuwa na kazi tena. Erastus alipokuja na tonge lake alikuta macho ya Nabwire yakimngoja. "Nimepita tu, mama," alisema, akajilisha mwenyewe.

Wiki ile Bi. Jescah alikuwa Kisumu, mkutano wa wakuu wa shule. Ayuma alifanya kazi kama mtu anayechimba kisima. Alinyonya tope kwa mpira, kiganja kwa kiganja cha mchanga, akilipokea kwenye ndoo. Akamimina tankini mitungi minne ya mwisho ya maji ya bahari iliyobaki stoo, akijua hakuna mingine. Minyoo aliwaacha; alimkuta mmoja akiburura kipande cha ugali uliooza, akamwambia, "Fanya haraka, basi." Nabwire naye alipika, akapakua, na kila baada ya kupakua alikuja kuketi.

Jumatatu na Jumanne zilikuwa mbaya. Samaki walibaki juu, midomo ikifunguka na kufungika, yule mweusi mdogo akiyumba. Nabwire alikalia mikono yake yote miwili. Kweli kabisa, aliiweka chini ya mapaja na kuikalia, machozi yakimtiririka.

"Ayuma, ananiangalia."

"Usimwangalie, mama."

"Nisipomwangalia nitakuwa nimemkimbia."

Jumatano maji yalianza kung'aa. Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, Ayuma alisikia akiitwa kwa sauti ambayo hakujua Nabwire anayo. Alikuja mbio akitarajia maiti. Sehemu ya juu ya maji ilikuwa tupu. Samaki wanne walikuwa chini kati ya mawe, wale wa chungwa wakijisugua katika ua lao la bahari, kile kiumbe chenye mikono laini kilichoota jiweni, yule mweusi akimfukuza wa njano kwa ugomvi wa mtu mwenye afya. Midomo yao ilikuwa imefungwa.

"Wameshiba?" Nabwire aliuliza.

"Wamepumua."

Ijumaa saa nne asubuhi Bi. Jescah alirudi. Ayuma alikuwa anafuta kioo na Nabwire yuko kigodani kwake. Mkuu wa shule alitoka ofisini na kikombe cha chai mkono mmoja, kipande cha mkate mkono wa pili, akainama mbele ya tanki kuhesabu.

"Wanne," alisema. "Wanne kweli. Hongera, Ayuma. Nilidhani nitakuta..."

Na huku akisema hivyo, bila kufikiri, kwa wepesi wa mkono uliofanya jambo lile kila saa nne kwa mwaka mzima, aliumega mkate na kuupeleka juu ya maji.

Nabwire alimshika kifundo cha mkono.

Miaka ishirini na mmoja Nabwire hakuwahi kumwambia mkuu yeyote wa shule ile neno zaidi ya "ndiyo Madam". Sasa mkono wake, wenye mafuta ya jikoni, ulikuwa umeubana mkono wa Bi. Jescah hewani, na haukuachilia.

"Madam, nisamehe," alisema kwa ile sauti yake ndogo. "Hao ni wageni wangu. Kwangu hawajakosa kitu."

Bi. Jescah aliutazama mkono, akautazama mkate, kisha akamtazama Ayuma, na Ayuma aliona habari yote ikimfikia usoni, samaki mmoja baada ya mwingine, mpaka wa tano.

"Mimi nilikuwa nawapa kidogo tu," mkuu wa shule alisema. "Walikuwa wananifungulia mdomo."

"Najua, Madam," Nabwire alisema, akamwachilia.

Bi. Jescah alisimama wima. Alitafuta pa kuuweka ule mkate, asipate, akautia mdomoni mwake mwenyewe, akautafuna wote mbele yao, kidogo kidogo, uso umemwiva kwa aibu. Alipomeza, aliliweka koti lake sawa.

"Kesho wazazi wakija," alimwambia Ayuma, "hicho kigoda kisiondolewe hapo. Na mwenyewe awe amekikalia."